Mafua ya ndege na biashara ya kuku: mambo ya kujua kabla hofu haijala mtaji wako

Kila habari za mafua ya ndege zikitokea redioni au zikianza kusambazwa kwenye simu, maswali huwa yale yale. Kuku wanalika? Mayai je? Niuze kuku wangu leo au nisubiri? Nimeamua kuyaweka majibu yote sehemu moja, mtu akiuliza tena umwelekeze hapa. Naandika hasa kwa vijana wa huku kwetu Mbezi Luis, Kimara, Kibamba na Goba, pamoja na wenzetu wa Temeke, maana wengi tukimaliza shule bila ajira, ushauri wa kwanza tunaopewa na wazee ni "si ufuge kuku?"

Jambo kubwa naliweka hapa juu kabisa. Katika mawimbi mawili yaliyotusogelea sana, la mwaka 2006 na la mwaka 2017, Tanzania haikuthibitisha ugonjwa huu kwenye kuku wake. Lakini mfugaji mdogo anaweza kufilisika bila kirusi kukanyaga bandani kwake. Hofu ya wateja inatosha. Tutaona inavyofanya kazi.

MAFUA YA NDEGE NI NINI HASA?

Ni ugonjwa wa virusi vya jamii moja na virusi vya mafua ya binadamu, ila hivi makao yake ni ndege, hasa ndege wa majini kama bata mwitu. Ndio maana utaona majina kama H5N1, H5N8 au H7N6. Herufi H na N zinasimamia protini mbili zilizo juu ya kirusi, na namba zinaonyesha ni aina ipi. Aina nyingi hazina madhara makubwa kwa kuku. Aina chache za H5 na H7 ndizo noma: zikiingia bandani zinaweza kuua karibu kuku wote ndani ya siku mbili.

Kirusi hutoka kwa ndege mgonjwa kupitia kinyesi, mate na kamasi. Kinasafiri kwenye kinyesi kilichoganda chini ya kiatu, kwenye tenga, kwenye trei ya mayai, kwenye tairi la pikipiki na kwenye maji ya kunywa. Bata anaweza kukibeba bila kuonyesha dalili yoyote, akaendelea kutembea uani kama kawaida huku kuku wanaokunywa naye maji wanaanguka. Unayefuga bata na kuku pamoja, hapo pasome mara mbili.

Dalili kwa kuku: vifo vya ghafla na vingi, kichwa na uso kuvimba, upanga kugeuka rangi ya bluu au zambarau, kuhema kwa shida, na kwa kuku wa mayai utagaji kushuka ghafla au mayai kutoka na ganda laini. Sasa tatizo ni hili: dalili hizi zinafanana sana na za kideri. Kwa macho tu hata mtaalamu hawezi kuapa ni kipi. Jibu linatoka maabara.

YALIANZIA WAPI?

Kirusi cha H5N1 tunachokisikia sana kilibainika kwa bata bukini huko Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka 1997 kikalipuka Hong Kong. Watu 18 waliambukizwa na 6 wakafa, na serikali ya kule ikaamuru kuku wote wauawe, kama milioni 1.5. Dunia ikadhani yameisha. Mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004 yakarudi kwa nguvu Vietnam, Thailand na nchi nyingine za Asia, na kuanzia hapo hayakuzimika tena.

Kwa binadamu, tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limehesabu wagonjwa zaidi ya 900 wa H5N1 duniani kote, na karibu nusu yao walifariki. Ukiangalia idadi ya wagonjwa kwa miaka yote hiyo, ni wachache. Ukiangalia vifo, ni ugonjwa wa kuogopa. Wengi wao ni watu waliogusana kwa karibu na ndege wagonjwa au waliokufa: kuwachinja, kuwanyonyoa, kulala nao nyumba moja. Kirusi hiki hakijaanza kusambaa kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Hicho ndicho wanasayansi wanachokilinda usiku na mchana kisitokee.

2006: YALIPOINGIA AFRIKA

Februari 2006 Nigeria ilitangaza H5N1 kwenye shamba la kuku huko Jaji, jimbo la Kaduna. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa barani Afrika. Baada ya hapo ikawa kama moto wa nyasi: Misri na Niger mwezi huo huo, kisha Cameroon, Sudan, Burkina Faso, Ivory Coast, na mwezi Mei ikafika Djibouti, ambako mtoto mmoja aliambukizwa.

Nataka uishike Nigeria kichwani, maana somo lote la biashara liko pale. Tathmini iliyofanywa na Umoja wa Mataifa baada ya mlipuko ilionyesha mauzo ya kuku na mayai yalianguka kwa takriban asilimia 80 ndani ya wiki mbili tu baada ya tangazo. Siyo kwamba asilimia 80 ya kuku walikufa. Walio wengi walikuwa wazima kabisa bandani. Wateja ndio walioondoka.

Serikali ya Nigeria iliamuru kuku wa mashamba yaliyoambukizwa wauawe na ikaweka fidia, kwa kuanzia naira 250 kwa kuku mmoja. Wafugaji wa kuku wa mayai wakalalamika kwamba kuku anayetaga ana thamani kubwa kuliko hiyo. Hapa kuna mtego ambao nchi yoyote inaweza kuuingia: mfugaji akiona fidia ni ndogo au itachelewa, anaficha ugonjwa na kukimbiza kuku sokoni usiku. Kuku mgonjwa anaingia mjini, na kirusi kinapata lifti ya bure.

Misri ndiyo iliyoumia zaidi Afrika kwa upande wa watu. Kuanzia 2006 walithibitishwa wagonjwa 359, na 120 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wanawake na watoto, kwa sababu kule familia nyingi zilifuga kuku na bata juu ya mapaa ya nyumba au uani, na kazi ya kuwalisha na kuwachinja ilikuwa ya mama na watoto. Linganisha na uani kwetu uswahilini uone kama kuna tofauti kubwa.

KENYA: HASARA BILA UGONJWA

Kwa majirani zetu Kenya kilitokea kitu cha ajabu zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 2005 hadi mwanzoni mwa 2006 vyombo vya habari vilijaa habari za mafua ya ndege yanayokuja. Hakuna kuku hata mmoja wa Kenya aliyethibitishwa kuwa nayo. Hata hivyo watu wakaacha kula kuku, hoteli zikapunguza oda, wafugaji wakafuta oda za vifaranga, na waanguaji wakabaki na mayai ambayo kifaranga wake hana mnunuzi. Hasara ilikadiriwa kwa mabilioni ya shilingi za Kenya.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye biashara ya kuku hata lisipokuja kabisa, hasara inakuwa imeshakuja.

KWA NINI KUKU HAWEZI KUSUBIRI

Kuna watu huwa wanasema, "Si ungoje tu wiki mbili hofu iishe?" Anayesema hivyo hajawahi kufuga broila. Tupige hesabu pamoja. Bei sitaziweka kwa sababu zinapanda na kushuka kila siku, wewe weka za kwako.

Chukua kijana mwenye kuku wa nyama 200 nyuma ya nyumba. Kuanzia kifaranga wa siku moja hadi wiki ya tano, kila kuku anakula kama kilo 3 na kidogo. Kwa kuku 200 ni mifuko 12 hadi 13 ya kilo 50. Chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya mtaji, zaidi ya nusu kwa mbali.

Sasa wiki ya tano imefika, na siku hiyo hiyo habari zimeanza. Wauza chipsi wanasema wateja hawataki kuku. Mchuuzi aliyekuahidi kuja na matenga hapokei simu. Kuku aliyefikia umri huo anakula kama gramu 150 kwa siku. Kuku 200 ni kilo 30 kila siku. Siku kumi za kusubiri ni kilo 300, yaani mifuko sita. Umeona? Kusubiri siku kumi tu kunakula karibu nusu ya chakula chote ulichotumia tangu siku ya kwanza.

Utasema kuku anaongezeka uzito. Kweli, lakini mtaani kwetu broila huuzwa kwa kichwa, mara nyingi hapimwi kwenye mizani. Uzito uliozidi unamfurahisha mteja tu, wewe hulipwi. Na hapo bado hujahesabu wanaoanza kufa kwa joto na kwa kubanana, maana banda lilikuwa la kuku wadogo, sasa limejaa majitu.

Kuku wa mayai naye ana shida yake. Huwezi kumwambia aache kutaga. Mwenye kuku 300 wanaotaga kwa asilimia 80 anaokota mayai 240 kwa siku, yaani trei 8. Wiki mbili bila wateja ni trei 112 zimejaa sebuleni, na joto la Dar unalijua. Akiamua kuuza kuku wenyewe kwa bei ya kutupa, amepoteza miezi mitano hivi aliyowalisha bila kuona yai hata moja. Kurudi tena ni kuanza na kifaranga.

Ndio maana nasema hofu ya wiki mbili inatosha kummaliza mtu. Mwenye kampuni ana jokofu kubwa, anachinja na kugandisha anangoja. Kijana wa Mbezi hana jokofu la kuweka kuku 200. Ana banda, deni la duka la chakula, na simu.

KUKU ANAVYOTEMBEA MPAKA SAHANI YAKO

Ili uelewe nani anaumia, fuata safari ya kuku. Vifaranga wa kisasa hutoka kwa waanguaji, wengine wako karibu tu na sisi kama Mkuza pale Kibaha, wengine mbali kama Silverlands ya Iringa. Mfugaji anawakuza. Mchuuzi anakuja na matenga, anawapeleka masokoni kama Shekilango, Manzese, Ilala na Kisutu. Pale kuna anayechinja, anayenyonyoa, anayekata vipande. Halafu kuna muuza chipsi wa jioni na mama lishe wa mchana.

Kuku wa kienyeji wana safari yao ndefu zaidi. Wanatoka Singida, Dodoma na Tabora, wanakusanywa kijiji kwa kijiji, wanapangwa kwenye matenga na kuletwa mjini kwa barabara ya Morogoro, ile ile inayopita hapa Mbezi Luis ilipo stendi ya Magufuli tangu 2021. Tenga moja linaweza kuwa na kuku wa kaya kumi tofauti. Mmoja akiwa na ugonjwa, wakifika Dar wamekwishaambukizana wote.

Sasa mteja wa mwisho akikataa kula kuku, pigo linarudi nyuma kwa mlolongo ule ule. Muuza chipsi anabaki na mayai na viazi. Anayenyonyoa anakosa ugali wa siku hiyo hiyo. Mchuuzi anakwama na mzigo unaokufa njiani. Mfugaji ndio nimeshamwelezea. Mwenye duka la chakula anadai hela aliyokopesha. Mkulima wa mahindi na mwenye kinu cha mashudu ya alizeti nao wanapunguziwa oda. Kuku mmoja kwenye sahani amebeba watu wengi kuliko tunavyodhani.

2017: UGANDA, NA VIFARANGA WA NAMANGA

Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege. Yaligunduliwa baada ya ndege pori kufa kwa wingi ufukweni mwa Ziwa Victoria, eneo la Lutembe karibu na Entebbe, na baadaye bata na kuku wa kufugwa wilaya ya Masaka. Kirusi kilikuwa H5N8, na hakuna binadamu aliyeugua. Lakini Kenya na Rwanda zilifunga milango kwa kuku na mayai ya Uganda ndani ya siku chache. Mayai yaliyozoea kuvuka mpaka yakakosa pa kwenda. Mwaka huo huo H5N8 ikafika Ituri, Kongo, upande wa Ziwa Albert. Ziwa Victoria ni letu pia, na ndege pori hawaonyeshi pasipoti Mutukula. Kwa hiyo tulikuwa karibu sana.

Oktoba mwaka huo likatokea lile la Namanga. Vifaranga 6,400 walikamatwa wakiingizwa kutoka Kenya bila kibali, wakateketezwa kwa moto. Sababu iliyotolewa ni kuzuia mafua ya ndege, kwa kufuata marufuku ya kuingiza kuku kutoka nje iliyowekwa tangu enzi za hofu ya 2006. Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati huo alikuwa Luhaga Mpina. Februari 2018 vifaranga wengine 5,000 wakateketezwa hapo hapo. Picha zilizunguka dunia nzima na Wakenya walikasirika kwelikweli.

Watu waligawanyika, na mpaka leo ukilianzisha kijiweni hamlali. Kundi la kwanza linasema sheria ni sheria: kifaranga asiye na karatasi za afya anaweza kuangamiza mabanda ya nchi nzima, na waanguaji wetu wa ndani nao wanahitaji soko. Kundi la pili linasema wangerudishwa walikotoka, na kwamba marufuku ya ugonjwa inaweza kugeuka kuwa ukuta wa biashara. Mimi naona hoja zote mbili zina uzito, ila mfugaji mdogo achukue funzo moja: kifaranga wa magendo ni wa bei nafuu mpaka siku atakapokamatwa au atakapoanza kufa. Siku hiyo huna risiti, huna wa kumdai.

UGONJWA MMOJA, BEI MBILI TOFAUTI

Hili linawachanganya wengi. Nigeria 2006 bei ya kuku ilianguka. Lakini Marekani, ambako kirusi cha H5N1 kimesababisha kuuawa kwa kuku zaidi ya milioni 100 tangu 2022, bei ya mayai ilipanda mpaka dazeni moja ikapita dola 6 mwezi Machi 2025. Na Afrika Kusini mwaka 2023, kirusi cha H7N6 kilipomaliza mamilioni ya kuku, mayai yaliadimika mpaka baadhi ya maduka yakaweka kikomo cha trei kwa mteja.

Inakuwaje? Ni rahisi. Wateja wakikimbia kabla kuku hawajafa, mayai yanajaa na bei inashuka. Kuku wakifa kwa wingi huku wateja wakiendelea kula, mayai yanapungua na bei inapaa. Kinachoamua ni kama wateja wanaamini chakula kiko salama. Wamarekani waliendelea kununua kwa sababu waliamini ukaguzi wao. Pale ambapo watu hawaamini taarifa, hofu inamfikia mfugaji kabla ya ugonjwa, na anayepanda bei safari hii hayupo, wote mnashuka.

KIDERI: MUUAJI ALIYEZOELEKA

Wakati tunatazama mbali, tusisahau aliye nyumbani. Kideri, wengine wanaita mdondo, ndicho kinachomaliza kuku wa kienyeji Tanzania mwaka baada ya mwaka. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, anapinda shingo, kisha uani panabaki manyoya tu. Hakuna redio inayotangaza, kwa sababu tumeshazoea. "Kuku wamepitiwa na ugonjwa," basi.

Na kideri kina chanjo. Ile inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, na imekuwa ikitengenezwa hapa hapa nchini, kuanzia maabara ya mifugo ya Temeke. Ni tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa broila utaratibu wa kawaida ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kisha kideri tena siku ya 21. Muulize mtaalamu wako akupangie kulingana na vifaranga ulionunua.

Angalizo: chanjo ya kideri haizuii mafua ya ndege. Lakini inakusaidia kwa njia nyingine. Kuku wako wakiwa wamechanjwa vizuri na bado wanaanguka kwa makumi, wewe na afisa mifugo mnajua mapema kwamba hiki siyo cha kawaida, kinahitaji maabara haraka. Mtaa ambao kideri kinaua kila msimu, mafua ya ndege yanaweza kuingia yakakaa wiki nzima watu wakisema "ni kideri tu."

KULINDA BANDA BILA GHARAMA KUBWA

Wahenga walishamaliza: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Maana yake kwa mfugaji wa leo ni hii:

- Kuku mpya akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake.
- Kuku aliyekwenda sokoni akakosa mteja asirudi bandani. Muuze, mchinje, mgawe, ila asirudi.
- Weka viatu vya bandani tu, na beseni la dawa ya kuua vijidudu mlangoni. Wewe mwenyewe ukanyage, na mgeni pia.
- Mchuuzi asiingie ndani na matenga yake. Kuku watolewe nje wakakamatiwe hapo. Tenga hilo asubuhi lilikuwa Shekilango.
- Trei za karatasi zilizorudi kutoka sokoni zisiingie bandani. Za plastiki zioshwe kwa dawa.
- Bata na kuku wasile wala kunywa pamoja, na maji ya kunywa yafunikwe ndege pori wasiyafikie.
- Mbolea ya maranda isimwagwe karibu na banda la jirani.

UKIONA WANAKUFA KWA MKUPUO

Usiwauze. Najua hela inauma, lakini ukiuza kuku wagonjwa unapeleka ugonjwa kwa wenzako na sumu kwenye jina lako. Usiwachinje mle. Usiwatupe mtoni wala jalalani, mbwa na kunguru watawasambaza. Usiwapasue kuangalia ndani.

Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Yeye ndiye anayejua kuchukua sampuli, na zinapelekwa kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake yako Temeke. Nchi ina Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, inayomtaka mfugaji kutoa taarifa. Ukisubiri majibu, funga banda, zuia watu, nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasikaribie. Wafu wazikwe kwenye shimo refu au wachomwe, ukiwa umefunika mdomo na pua.

MASWALI YA HARAKA

Nikisikia mlipuko, niache kula kuku?
Hapana. Kirusi hufa kwenye joto la nyuzi 70, na kuku aliyechemka au kukaangwa mpaka ndani anapita hapo. Hatari iko zaidi kwenye kumchinja na kumnyonyoa kuku mgonjwa.

Chipsi mayai je?
Yai lililoiva pande zote halina tatizo. La jicho la ng'ombe lenye kiini cha maji liache wakati wa mlipuko.

Kinyesi cha kuku nitumie bustanini?
Cha kuku wazima, ndiyo, kikishaoza vizuri. Cha banda lenye vifo vya ghafla, hapana.

Nimetumiwa meseji kwamba kuku wa sehemu fulani wana mafua ya ndege. Niisambaze?
Iulize maswali matatu kwanza: Nani ametangaza? Lini? Maabara gani imethibitisha? Kama haina majibu, usiitume. Nyuma ya meseji moja kuna mtu ana kuku 200 wa wiki tano na mifuko sita ya chakula ambayo hana hela ya kuinunua. Na kama ni kweli, serikali inatakiwa kutangaza haraka na wazi, ni kata gani na banda la aina gani, ili wa Singida asihukumiwe kwa kosa la mtaa mwingine. Kuficha nako kunazaa uvumi.

Haya wadau, nimemaliza upande wangu. Wafugaji mliokuwa kwenye biashara 2006 au 2017, tuambieni hapo chini mauzo yalikuwaje mtaani kwenu, na ninyi wauza chipsi pia. Maafisa mifugo mkiona kuna cha kuongeza, uwanja ni wenu.

Tukutane kwenye maoni.